Niliandika "kufukia" badala ya "kufukua", na mama akaweka dole gumba

Wakuu, nawasalimu wote mliomo humu.

Kwa umri wangu wengi wenu mlipaswa kuniamkia, lakini najua humu babu na mjukuu wote ni wakuu, basi marahaba kwa watakaokumbuka. Nimevuka themanini na kitu. Akaunti hii alinifungulia mjukuu wangu alipokuja likizo hapa Ngokolo, Shinyanga. Aliniambia, babu, badala ya kubishana na redio, bishana na watu.

Ninachoandika ni kweli tupu. Jina la kambi nimelificha na sitalitaja hata mkinibembeleza, maana watu wa kule hawakunikosea chochote. Mkosaji ni mimi.

Kilichonitoa mafichoni ni ule uzi wa juzi.

Kuna mdau alileta habari ya familia iliyoenda mahakamani, akaandika kwenye heading: "Familia yaomba kibali cha kufukia mwili wa ndugu yao." Ukisoma ndani unakuta wanataka kuutoa kaburini wakauzike kwao. Mkacheka sana. Mmoja akasema acheni hizo, ni typing error, herufi moja tu, turudi kwenye mada.

Mimi niliweka simu chini nikaenda kukaa nje. Kwa hiyo herufi moja nilimpoteza kaka yangu mara ya pili.

Kwanza lugha, wale wa kuruka aya mnaweza kuruka.

Kufukia ni kurudishia udongo au kifusi kwenye shimo mpaka lijae. Kufukua ni kuuondoa ule udongo ili kilichomo kitoke. Ni mtu na ndugu yake, kama ziba na zibua, au tega na tegua. Ukitaka mifupa ya marehemu itolewe kaburini, neno lako ni kufukua. Wazee wengine husema kuzikua, kutokana na kuzika, nalo ni sahihi ingawa vijana hamlitumii. Kufufua ni habari nyingine, hiyo ni ya kumrudishia mtu uhai, tumwachie Mungu. Na kufukuza mnakujua wenyewe, mods wanakufanya kila siku.

Haya niliyajua nikiwa nimeshachelewa.

Nyumbani kwetu ni upande wa Tinde, ndani kidogo kutoka barabarani. Tulizaliwa wawili tu tuliokua. Mabula alikuwa mkubwa, mimi Masanja nikafuata. Baba alikufa nikiwa mdogo, akazikwa karibu na zizi, kama ilivyo kwetu kwa mwanaume mwenye mji wake. Tukabaki na mama na ng'ombe wachache.

Mabula hakusoma. Alichunga ili mimi nisome. Ndiyo hesabu ilivyokuwa kwenye miji mingi enzi hizo, mmoja anashika fimbo, mwingine anashika kalamu. Alinipiga sana nilipotoroka shule, kuliko hata mwalimu. Nilimaliza darasa la nane kwa viboko vya Mabula.

Miaka ya hamsini ilipoanza kushika kasi, vijana wa kwetu walikuwa wanaenda Geita kwenye dhahabu. Mabula naye akaenda. Alikuwa anarudi wakati wa mavuno, anakaa wiki mbili, anatukejeli kwamba tunanuka maziwa, kisha anaondoka.

Msimu mmoja hakurudi. Akaja mwenzake wa kambini, mtu wa Kahama, akiwa amebeba blanketi la Mabula na koti lake la kaki. Alisema ilikuwa homa, siku nne tu. Wenzake walimwosha, wakamzika kwenye makaburi ya kambi, na msimamizi akachomeka kibao chenye namba.

Tuliomboleza bila maiti. Asiyewahi hajui. Watu wanakuja, wanakaa, wanakula, wanaondoka, na wewe unabaki huna hata pa kuelekeza macho. Mama alilia siku ya kwanza tu. Baada ya hapo akawa anafanya kazi zake kimya, na jioni anakaa karibu na zizi, pale pembeni ya baba, mahali palipokuwa wazi.

Wanawake wa jirani walijaribu kumbadilishia jina. Alikuwa anaitwa Mama Mabula, wakaanza kumwita Mama Masanja, kwa nia njema kabisa, wasimtoneshe. Hakuitika. Waliita mara tatu, akaendelea kutwanga. Nilikuwepo nikasikia, na siwezi kusema haikuniuma.

Ilipita masika mbili. Siku moja mama akaniambia kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu, kwamba amezungumza na wazee. Wamesema mifupa inaweza kurudishwa, mradi serikali itoe ruhusa. Akasema sasa hapo ndipo kalamu yako inatakiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na nane. Nilikuwa nimepata kibarua cha kuandika mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Nilivaa soksi ndefu. Kijiji kizima kilikuwa kinaleta barua kwangu, nikawa naandika huku nimekunja uso kama daktari. Nawaambia ili mjue kiburi kilikuwa kimefika wapi.

Neno lenyewe nililipata kwa karani mwenzangu, mtu wa Pangani, Muislamu mmoja mcheshi ambaye Kiswahili alikinyonya ziwani kwa mama yake. Aliwahi kutusimulia jinsi mto ulivyokula makaburi kwao, ikabidi watu wafukue wakazike kwingine. Nikalihifadhi hilo neno kichwani. Nikaona ni neno kubwa, neno la ofisini.

Ningeweza kuandika tu kwamba tunaomba kuchimba kaburi, tutoe mifupa, tuje nayo nyumbani. Mtoto wa darasa la pili angeandika hivyo na ingetosha. Mimi nikaona ni ushamba.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana halikuwa la kuteleza. Nililifikiria.

Nilijiambia hivi: ukiomba kwa ajili ya mtu, unamwombea. Ukipika kwa ajili yake, unampikia. Ukichimba kwa ajili yake, unamchimbia. Basi ukifukua kwa ajili ya mtu, kwa heshima, unamfukia. Nikaona hapo nimempata hata yule wa Pangani.

Wajuzi wa lugha mshacheka. Ningetaka adabu hiyo, neno ni kumfukulia. Lakini mimi Kisukuma nilikijua, Kiswahili nilikisoma, na kati ya kujua na kusoma kuna shimo.

Barua ilikuwa fupi. Mwalimu alitufundisha kwamba barua ya serikali isiwe na porojo. Bado naikumbuka:

"Bwana Mkubwa. Mimi ni mama mzazi wa Mabula aliyezikwa kambini. Naomba ruhusa na msaada wa kumfukia mwanangu, kwa kuwa tangu azikwe moyo wangu haujatulia. Ni mimi mtiifu wako."

Basi. Habari ya kumleta nyumbani sikuiweka. Niliamini lile neno limeshasema yote.

Nikamsomea mama kwa Kiswahili, kwa sauti ya kanisani. Hakuelewa. Nikamweleza kwa Kisukuma kile nilichodhani nimeandika. Akatikisa kichwa kukubali, akasema wabeja, asante, kama ananishukuru mtu mzima mwenzake. Nikampaka wino kwenye dole gumba, nikaushika mkono wake, nikaugandamiza chini ya karatasi.

Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. Nilijisikia mtoto mwenye faida, kwa mara ya kwanza tangu Mabula afe.

Jibu lilichukua miezi. Mama akawa anajiandaa. Alinunua kitambaa cheupe cha marekani, akakifua ingawa kilikuwa kipya. Akasuka kikapu kirefu chenye kifuniko. Watu wakamuuliza cha nini, akasema cha safari. Pale pembeni ya baba akapalilia majani, akazungushia mawe. Alianza hata kucheka.

Jibu lilipofika lilikuwa mistari miwili. Ombi limekubaliwa, kazi itafanywa na watu wa kambi wenyewe, bila kumsumbua mama. Nilimsomea mara tano. Tuliona serikali ina huruma kuliko tulivyodhani, inachimba yenyewe.

Tukapanda lori la pamba mpaka Kahama, na kutoka hapo lori jingine kuelekea Geita. Mama hakuwahi kutoka Tinde zaidi ya mnadani. Alikaa juu ya magunia, kikapu kakikumbatia, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Njiani aliniuliza kama Mabula naye alipitia barabara hii hii. Nikamwambia ndiyo. Akawa anatazama kila mti.

Tulifika kambini asubuhi ya siku ya pili. Karani wa kambi alikuwa mzee wa makamo, Mnyamwezi wa Tabora, mpole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikajitambulisha. Uso wake ukachangamka. Akamwinamia mama, akampa pole ndefu kwa Kinyamwezi, ambacho na Kisukuma ni jirani, wakaelewana.

Akasema kazi wameifanya vizuri, twendeni mkaone.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko nyuma ya kambi. Nilitarajia kuona shimo. Nilichoona ni tuta moja refu la mawe, mawe yale yanayotoka chini mgodini, yamemwagwa kwa toroli za reli na kushindiliwa kwa nyundo, kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho. Hakuna kibao. Hakuna namba. Ungeweza kupitisha lori juu yake.

Karani akaeleza. Walipopata barua kutoka bomani, walielewa kwamba makaburi yametitia kwa mvua, na kwamba mama amesikia fisi wanasumbua, ndiyo maana moyo haujatulia. Wakamhurumia. Na kwa kuwa toroli haziwezi kumwaga kaburi moja bila kuharibu mengine, wakafukia safu yote, wakaomba hata muda wa ziada. Vibao viling'olewa ili kupisha kazi, vikachanganyika.

Alikuwa anajivunia, na alistahili kujivunia.

Mama alikuwa amesimama na kikapu. Akaniuliza kwa Kisukuma, yuko wapi?

Nikamwambia karani kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ili mama asishike chochote, kwamba sisi tumekuja kumchukua. Kwamba tuliomba atolewe.

Akanitazama. Akarudi ofisini, akaja na barua. Akaikunjua mbele yangu, akaweka kidole.

"Soma hapa."

"Kumfukia."

"Basi, mwanangu, tumemfukia."

Hakusema kwa dhihaka. Alisema kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe na halioni.

Nikamuuliza kama inawezekana kuondoa mawe. Akasema labda, kwa watu wengi na wiki nyingi, lakini chini kuna watoto wa mama wengine, na nitajuaje yupi ni wangu? Nilikuwa namtazama mdomo tu. Nilitaka ardhi inimeze, nikaona hata ardhi yenyewe nimeshaiziba.

Mama akauliza tena. Wanasema nini?

Hapa wakuu ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kalamu. Nilikuwa na nafasi. Yule mzee alikuwepo, angenisaidia kueleza, angeweza hata kunitetea. Mama alikuwa pale, mwanawe alikuwa chini ya miguu yetu, ilikuwa mahali pa kulia na kuombana radhi.

Nikamwambia, "Mayu, serikali imekataa."

Karani alielewa nilichosema, Kisukuma kilikuwa si kigeni kwake. Alinitazama, kisha akatazama pembeni. Akampa mama ile barua, akamwambia aitunze kwa sababu ina alama ya mkono wake. Kisha akatuacha.

Mama alilizunguka lile tuta lote, mwanzo mpaka mwisho, taratibu, akigusa mawe. Akafungua kikapu, akatoa kile kitambaa, akatafuta pa kukiweka. Hakujua akiweke wapi. Akakirudisha kikapuni.

Safari ya kurudi alikaa tena juu ya magunia, kikapu na kitambaa chake mapajani.

Nyumbani akawa anawaambia watu kwamba selikali ilikataa, kwa matamshi yake, na kwamba Masanja alijitahidi sana, alisema na wakubwa kwa Kiswahili kirefu. Akawa ananisifu. Kila akinisifu mbele ya wageni nilitoka nje.

Sikukaa miezi mitatu. Nikapata kazi ya ukarani mjini Shinyanga, nikahamia huku huku Ngokolo, nikapanga chumba. Nilimwambia mama ni kazi. Ukweli ni kwamba sikuweza kula mkononi mwake. Nilimtumia salamu kwa watu wa malori, na nguo kila mavuno, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nafika mara moja kwa mwaka, nalala siku mbili, naondoka. Kutoka hapa mpaka Tinde si mbali hata kidogo. Wakati ule niliona ni Ulaya.

Mjini nako nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nakula peke yangu, Jumapili nakaa chumbani naangalia dari. Kila mtu aliyenitania kuhusu Kiswahili changu cha Kisukuma nilimnunia. Na yeye kule alikuwa peke yake na ng'ombe wanne. Tulikuwa wawili waliobaki duniani, na kila mmoja amekaa kwake.

Miaka ikaenda hivyo, kama minne.

Karibu na mwisho wa miaka ya hamsini nikapata habari kwamba mama anaenda darasa la ubatizo. Nilicheka kidogo, mama yangu na vitabu wapi na wapi. Watu walisema anaenda kwa sababu kule kuna wenzake wa kukaa nao. Na katekista wa pale alikuwa hampeleki mtu kubatizwa mpaka ajue kusoma, basi akawafundisha akina mama kusoma Kiswahili, silabi kwa silabi, ba be bi bo bu.

Mavuno yalipofika nikaenda nyumbani na nguo zangu za zawadi kama kawaida. Nikamsalimia, mwangaluka mayu, akaitikia vizuri. Akanipa uji. Akakaa mbele yangu kwenye kigoda. Halafu akatoa ile barua.

Akaanza kusoma. Alikuwa anafuata mstari kwa kile kile kidole gumba. Ku-m-fu-ki-a. Akasimama hapo. Akaniambia amemuuliza katekista maana ya neno hilo, kisha akamuuliza neno la kutoa ni lipi, akamfundisha yote mawili. Ana mwezi mzima anajua.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia yote. Habari ya kumwombea na kumpikia na kumchimbia, ujinga wote ule, na jinsi serikali haikukataa kitu. Nililia nikiwa mtu mzima, mwenye ndevu na kazi ya ofisi.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, kwa Kisukuma, ila yale maneno mawili aliyasema kwa Kiswahili kama alivyofundishwa:

"Mabula walimfukia wageni, kwa huruma yao, na mimi nilishamlilia. Wewe umejifukia mwenyewe kule mjini ukiwa hai. Miaka yote hii nakaa hapa najiuliza, huyu nitamfukua na nini?"



Niliomba ruhusa kazini nikakaa naye mwezi. Baada ya hapo kila Jumamosi nilikuwa kwenye baiskeli kuelekea Tinde, mvua au jua. Alibatizwa, nilisimama nyuma yake. Tulipata miaka sita ya namna hiyo kabla hajafa, na nimeihesabu mmoja mmoja. Minne niliyomnyima nayo nimeihesabu. Hairudi.

Kwa hiyo mkuu uliyesema ni herufi moja tu, sikukasirikii. Herufi ni kweli ilikuwa moja, na mama aliisamehe siku ile ile aliyoisoma. Kilichotugharimu ni uongo niliouweka juu yake, kisha kukimbia. Kosa la kalamu mtu analiona, analisahihisha. Kosa la kunyamaza unalishindilia mwenyewe kila mwaka, na aliye ng'ambo ya pili anafikiri humpendi.

Wataalamu wa Kiswahili karibuni mnisahihishe nilipokosea, sitanuna tena. Wenye wazee waliozikwa migodini miaka ile, andikeni majina yao hapa chini, nitafurahi kuyasoma.

Ila kama kuna mtu wenu uliyemkimbia kwa sababu ya aibu, na bado yuko hai, usianze na komenti. Mpigie yeye kwanza. Uzi utaukuta, na mimi utanikuta, sina pa kwenda.